Kurusha tukio mubashara kwa simu: Facebook, YouTube, simu ya kundi au programu ya kurushia?

Swali hili huniijia karibu kila mara likiwa limeshikwa mkiani. Mtu ana harusi keshokutwa, au mahafali, au mazishi ambayo nusu ya ukoo haitafika, naye anauliza: "Nitumie programu gani?" Mimi humrudishia swali: mkishamaliza, hiyo video mnaitaka iwe wapi mwakani? Hapo wengi hunyamaza.

Kurusha mubashara kunazaa vitu viwili kwa mpigo: picha wanayoiona walio mbali saa ileile, na rekodi inayobaki watu wakishatawanyika. Kwa kile cha kwanza, njia zote nitakazozitaja zinakaribiana. Simu ya kawaida ya leo, yenye chaji na mtandao mzuri, itakufikisha. Kwa cha pili zinaachana mbali sana, na hicho ndicho ambacho hakuna anayekiuliza mpaka siku anapokitafuta na kukikosa.

Njia zenyewe nazigawa nne. Kuna mitandao ya kijamii, yaani Facebook, Instagram na TikTok. Kuna YouTube, ambayo naiweka peke yake kwa sababu nitakazozieleza. Kuna simu za video za kundi: WhatsApp, Zoom, Google Meet, na Telegram ambayo ina mguu mmoja huku na mwingine kule. Mwisho kuna programu maalumu za kurushia, zinazoifanya simu iwe kamera tu na kupeleka picha popote utakapoiamuru.

Ghala la mwenzio

Kabla ya kulinganisha, niseme kwa nini sioni jukwaa lolote kama kabati la kuhifadhia. Enzi za simu za Nokia kulikuwa na Qik, programu ya kurusha mubashara. Skype iliinunua mwaka 2011, na baadaye ikazimwa. Bambuser ya Sweden, iliyoanza mwaka 2007, ilibeba picha nyingi za waandamanaji wa Misri na Syria, hadi shirika la habari la Associated Press likaingia nayo makubaliano mwaka 2012. Leo kampuni hiyohiyo inajishughulisha na kuuza bidhaa kwa video. Meerkat ilivuma mwanzoni mwa 2015, Twitter ikazindua Periscope Machi mwaka huohuo, na kabla ya 2016 kwisha Meerkat ilikuwa imeondolewa. Periscope nayo ilifungwa mwisho wa Machi 2021.

Wala si kwamba hizo zilikuwa programu za mchezo. Juni 2016, wabunge wa chama cha Democratic nchini Marekani waliketi sakafuni mwa ukumbi wa Bunge wakidai kura kuhusu sheria za bunduki. Kikao kilikuwa kimesimamishwa, kwa hiyo kamera rasmi zilikuwa zimezimwa. Wakatoa simu zao wakarusha kwa Periscope na Facebook Live, na runinga ya C-SPAN ikaichukua picha ile ya simu, pamoja na mtikisiko wake wote, ikaionyesha kwa taifa. Moja kati ya majukwaa hayo mawili halipo tena.

Na usidhani lililobaki linakutunzia. Februari 2025 Facebook ilitangaza kwamba video za mubashara zitakaa siku 30, kisha zifutwe. Hata zile za miaka ya nyuma zilipangiwa kuondolewa, wenyewe wakipewa muda wa kuzipakua. Aliyekuwa na harusi yake ya mwaka 2018 humo na hakuusoma ujumbe ule, ndiyo basi.

Masharti kwa jicho moja

Haya hubadilika, kwa hiyo yaangalie tena wiki moja kabla ya tukio na si asubuhi ya tukio.

| Njia | Sharti la kuanza | Kikomo | Rekodi baadaye |
|---|---|---|---|
| Facebook | akaunti ya siku 60, wafuasi 100 | saa 8 | siku 30 |
| Instagram | akaunti ya wazi, wafuasi 1,000 | saa 4 | siku 30, kwenye kumbukumbu zako |
| YouTube kwa simu | wafuatiliaji 50, umri wa miaka 16 | saa 12 kwa rekodi kuhifadhiwa | hubaki kwenye chaneli |
| WhatsApp | namba ya simu | watu 32 | hakuna |
| Zoom ya bure | akaunti | dakika 40, watu 100 | si kwenye simu |
| Google Meet ya bure | akaunti | dakika 60 kwa kundi, watu 100 | hakuna |
| Telegram | kundi au chaneli | watazamaji bila kikomo | unaweza kurekodi |

TikTok sikuiweka kwa sababu masharti yake ya wafuasi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mara nyingi hutajwa 1,000. Lisilobadilika ni umri: tangu Novemba 2022, anayerusha lazima awe na miaka 18.

Mitandao ya kijamii: watu wameshakaa humo

Nguvu ya Facebook ni moja, nayo ni kubwa: humwiti mtu. Unabonyeza kitufe, na wafuasi wako wanapata taarifa kwamba umeanza. Shangazi ambaye hajawahi kufungua kiungo chochote maishani mwake anakuona akiwa anapitisha kidole tu. Kwa mkutano wa hadhara, tamasha, uzinduzi wa kitu, au jambo lolote unalotaka watu walikute bila kulitafuta, hakuna kinachoishinda.

Udhaifu wake nao unatokea hapohapo. Mtazamaji amekukuta akipita, na atapita. Anatazama dakika mbili, nyingi ya hizo bila sauti, kisha anaendelea na safari zake. Asiye na akaunti huishia kupambana na kidirisha kinachomtaka ajisajili. Na maoni yanapita juu ya uso wa bwana harusi.

Instagram imejengwa kwa picha ya wima, simu ikiwa imesimama. Kwa mtu mmoja anayezungumza hilo ni zuri. Kwa jukwaa lenye watu sita waliopanga mstari ni mateso: ama uwakate wawili kila upande, ama usogee nyuma mpaka wawe vijiti vya kiberiti. TikTok ni hivyohivyo, na watazamaji wake wengi ni wageni ambao jukwaa lenyewe limewaletea. Anayeuza au anayetumbuiza atafurahi. Familia iliyo kwenye msiba haitafurahi.

YouTube: kiungo kimoja kwa kila mtu

Naiweka YouTube peke yake kwa sababu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakitumii. Unapoanzisha matangazo, unaweza kuchagua yasiorodheshwe. Hayatokei kwenye utafutaji wala kwenye ukurasa wa chaneli, lakini kila mwenye kiungo anayaona, na hahitaji akaunti. Unakituma kiungo kwenye kundi la familia siku tatu kabla, na huyohuyo anayekifungua siku yenyewe atakifungua tena mwakani na kukuta rekodi palepale. Siyo siri kamili, kwa kuwa kiungo kinaweza kusambazwa, ila kwa shughuli nyingi za kifamilia kinatosha. Aliyechelewa kujiunga anaweza pia kurudisha nyuma aone mwanzo huku matangazo yakiendelea, ukiacha mpangilio huo umewashwa.

Sasa karaha zake. Mara ya kwanza unapoomba ruhusa ya kurusha, inaweza kuchukua hadi saa 24 kukubaliwa. Nimeona watu wakiligundua hili ukumbini, maharusi wakiwa mlangoni. Omba ruhusa leo hata kama huna tukio lolote. Pili, ili kurusha kwa programu ya YouTube ya kwenye simu unahitaji wafuatiliaji 50, na chaneli ndogo inaweza kuwekewa kikomo cha watazamaji. Sharti hilo la 50 ni la kurusha moja kwa moja kutoka kwenye programu yao ya simu. Anayerusha kwa enkoda, yaani kwa programu nyingine inayopeleka picha kwa kutumia ufunguo wa chaneli, halimgusi. Nalo ndilo linalowafanya watu wengi waijue hiyo njia ya nne.

Tatu ni muziki. Mfumo wao wa Content ID husikiliza hata matangazo yanayoendelea. DJ akipiga wimbo wenye mwenyewe, picha yako inaweza kufunikwa kwa picha mgando, au matangazo yakakatwa. Facebook na Instagram nazo zina walinzi wa namna hiyo. Ibada ya nyimbo za zamani zisizo na mmiliki haina shida kwa nadharia, ingawa mashine haijui tofauti kila mara. Kwa sherehe ninayojua itakuwa na muziki mwingi, hurusha hotuba, viapo na kukata keki, na saa ya kucheza nikazima. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakuona watu wakicheza.

Simu ya kundi: wao nao wanaongea

Hapa hoja si watazamaji bali mazungumzo. Bibi aliye mbali akitaka kusema neno la baraka, au mkutano ukihitaji kura, YouTube haitakusaidia. Matangazo ya aina hiyo hukatwa vipande vya sekunde chache, na kicheza video cha mtazamaji hushika vipande kadhaa kwenye akiba kabla ya kuonyesha, ili mtandao ukiyumba kidogo asione kuganda. Ndiyo maana YouTube, hata kwenye mpangilio wake wa kuchelewa kidogo, huzungumzia sekunde zisizozidi 10, na kwenye ule wa haraka zaidi zisizozidi 5. Simu ya video haina akiba hiyo. Inachelewa chini ya sekunde moja au hapo karibu, na mtandao ukiyumba unaona papo hapo: uso unavunjika vipande, sauti inakuwa ya roboti. Ukitaka picha tulivu unalipia kwa kuchelewa, na ukitaka uharaka unalipia kwa kuganda.

WhatsApp ni nyepesi, kila mtu anayo, na mazungumzo yake yamefungwa kwa siri kutoka simu hadi simu. Watu 32 wanatosha kwa familia ndogo. Ila haitunzi rekodi, na kila mmoja huingia na kipaza sauti chake, pamoja na redio ya jirani yake na kuku wake. Zoom ina mpangilio mzuri wa kuzima sauti za wote kwa mkupuo, lakini ya bure hukatika dakika ya 40, na sijawahi kuona mazishi yanayokwisha kwa dakika 40. Tena kwenye simu huwezi kurekodi mkutano ndani ya simu yenyewe. Hilo linataka kompyuta, au akaunti ya kulipia inayohifadhi kwenye seva zao. Google Meet ya bure inakupa saa nzima kwa kundi.

Telegram ndiyo inayosahaulika, wala sijui kwa nini. Kwenye kundi au chaneli yako unaweza kurusha kwa watazamaji wasio na kikomo, ukamruhusu mmoja aongee, ukarekodi, na kama unajua enkoda ukairushia kutoka kwenye programu nyingine. Tatizo lake ni kwamba mtazamaji lazima awe na Telegram. Ukoo wako ukiwa huko tayari, usiangalie kwingine.

Programu za kurushia: simu inakuwa kamera

Larix Broadcaster na Prism Live Studio ndizo mbili ninazozitaja kwa anayeanza, na zinatofautiana kitabia. Prism, ya kampuni ya Naver ya Korea Kusini, inakuongoza: unaingia na akaunti yako ya YouTube au Facebook, unabonyeza, unarusha, na unaweza kuweka jina la tukio kwenye kona ya picha. Larix haikubembelezi. Inakuuliza anwani ya seva, ufunguo, wingi wa data kwa sekunde, na mara ya kwanza utajiona kama umeketi kwenye chumba cha rubani. Lakini mimi hurusha kwa hiyo, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, inarekodi ndani ya simu wakati huohuo inaporusha. Mtandao ukikatika dakika kumi, walio mbali watakosa dakika kumi, ila faili iliyo mfukoni mwako ina kila kitu. Ya pili, inaweza kupunguza ubora yenyewe mtandao unapodhoofika na kuurudisha unapopata nafuu. Ya tatu, unaweza kuushikilia mwanga na umakini wa lenzi visibadilike, picha isiwe inapauka na kukoza kila mtu mwenye shati jeupe anapopita mbele.

Kuna neno utakutana nalo humo: RTMP. Ni itifaki, yaani kanuni ya kupelekea picha kutoka programu hadi jukwaa. Ni ya zamani, na bado ndiyo mlango wa majukwaa mengi, siku hizi ikiwa imefungwa kwa usimbaji na kuitwa RTMPS. Inapita juu ya TCP, njia ya kusafirisha data ambayo hairuki kitu: pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikipotea, zote zilizo nyuma yake zinasubiri. Kwenye mtandao mbovu foleni hiyo inakua hadi matangazo yanakatika. SRT, itifaki nyingine ambayo kampuni ya Haivision iliifungua kwa wote mwaka 2017, inapita juu ya UDP, njia isiyosubiri hivyo. Inaomba pakiti iliyopotea itumwe tena, lakini kwa muda uliouweka tu, na ikichelewa kupita hapo inaachwa na safari inaendelea. Kwenye mtandao wa simu unaoyumbayumba tofauti inaonekana kwa macho. Ila majukwaa ya umma mengi hayaipokei, kwa hiyo SRT inakufaa ukiwa na kompyuta mahali fulani yenye programu kama OBS ya kupokea na kusukuma mbele. Kama hilo limekuchosha kulisoma tu, baki na RTMP.

Ufunguo wa kurushia ni sawa na ufunguo wa nyumba. Usiuonyeshe kwenye picha ya skrini unapoomba msaada kwa watu. Aliye nao anaweza kurusha kwenye chaneli yako akiwa kitandani kwake.

Linaloamua ni njia ya kupandia

Watu hupima mtandao kwa kufungua video na kuona inacheza vizuri. Hiyo ni kasi ya kushusha. Wewe unapandisha, na mitandao ya simu imejengwa ikitoa nafasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha. Pima kasi ya kupakia, mara tatu, ukiwa umesimama palepale utakapoweka simu. Kisha tumia nusu ya namba ndogo kuliko zote uliyoipata. Ukipata megabiti 6 kwa sekunde, rusha kwa 3.

Hesabu ya bando ni rahisi kuikumbuka: kila megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Picha ya ubora wa kati, 720p, kwa megabiti 3 itakula GB 1.35 kwa saa, na shughuli ya saa tatu GB 4 na ushei. Ukipanda hadi 1080p kwa megabiti 6, saa moja ni GB 2.7. Kwenye skrini ya simu, ambako wengi watakutazama, tofauti ya 720p na 1080p haionekani sana. Picha inayoganda inaonekana na kila mtu. Chagua 720p na ulale usingizi, isipokuwa kwa mpira au mbio, ambako fremu 60 kwa sekunde zina maana na data itakayoliwa ni zaidi.

Kitu ambacho kimewahi kuniumbua ni umati. Nilipima uwanja mtupu asubuhi, nikapata kasi ya kushangaza, nikatangaza kwamba tutarusha kwa ubora wa juu. Saa nane watu walipojaa, kila mmoja na simu yake akipandisha picha zake, mnara uleule ukagawanywa kwa maelfu na mimi nikabaki na makombo. Walio nyumbani waliona nusu ya mahafali na duara linalozunguka. Tangu siku hiyo hukadiria mtandao wa umati, na wifi ya ukumbi naiamini tu pale mwenye ukumbi anaponipa jina na nenosiri ambalo wageni hawapewi. Laini ya mtandao tofauti na ule wanaoutumia wengi mahali hapo nayo husaidia kuliko simu ya bei kubwa.

Laini mbili kwenye simu moja hazijumlishi kasi zenyewe. Simu inatumia moja kwa wakati. Kuna programu kama Speedify zinazounganisha wifi na data ya laini kuwa mkondo mmoja, na watu wa runinga hubeba mabegi ya LiveU, kampuni iliyoanza 2006, yanayounganisha laini nyingi kwa mara moja. Kwa tukio la kawaida sikushauri ufike huko. Punguza ubora kwanza.

Sauti, joto na simu inayoingia

Sauti nzuri ya kilobiti 128 kwa sekunde hula MB 58 hivi kwa saa, kiasi kidogo sana ukilinganisha na picha, na bado ndiyo malalamiko ya kwanza ya kila mtazamaji. Simu iliyo mita kumi kutoka kwa msemaji inarekodi viti na watoto. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye kipokezi kinachochomekwa kwenye simu, itabadilisha matangazo yako kuliko kubadilisha simu. Programu nyingine hazisikilizi maikrofoni ya nje mpaka uichague, kwa hiyo gonga kofia yake kwa kidole ukiwa umevaa visikilizi kabla hujaanza.

Kurusha ni kazi nzito: kamera, kichakataji, redio ya mtandao na skrini vyote vinafanya kazi pamoja, na ukichomeka chaji unaongeza joto lingine. Simu ikipata joto itapunguza mwanga wa skrini, kisha kasi, kisha itazima kamera. Iweke kivulini, ivue kava, punguza mwanga wa skrini mwenyewe. Tumia stendi ya miguu mitatu. Mkono wa binadamu hauwezi saa mbili, hata wa kijana wa ukoo anayejisifu.

Geuza simu ilale kabla ya kubonyeza kuanza, maana programu nyingi hushika mwelekeo wa mwanzo na haziubadilishi. Na zuia simu zinazoingia. Mtu mmoja akikupigia kuuliza "mbona hatuoni?", yeye mwenyewe ndiye aliyekata matangazo. Njia safi ni kuiweka simu ya kurushia kwenye hali ya ndegeni, kuwasha wifi peke yake, na kupata mtandao kutoka kwenye simu ya pili.

Ruhusa

Mei 2015, siku ya pambano la Mayweather na Pacquiao, watu walielekeza simu zao kwenye runinga wakarusha pambano zima kwa Periscope, na wenye haki ya matangazo wakawaandama. Mechi, tamasha na mchezo wa jukwaani vina wenyewe. Uliza kabla. Kwa shule na mikusanyiko ya watoto uliza mara mbili, tena kwa mzazi. Kwenye maandamano au mahali penye hatari, mubashara haina nafasi ya kufuta: uso ulioonekana umeonekana, na jengo lililo nyuma linasema mlipo. Huko mara nyingi kurekodi, kutazama, kisha kuamua nini kitoke ni njia bora kuliko zote nne nilizozitaja.

Mimi ningechagua hivi

Kwa harusi au mazishi: YouTube isiyoorodheshwa, 720p, kupitia Larix au Prism, na simu ya pili kwenye stendi pembeni ikirekodi tu kwa ubora wa juu kabisa bila kugusa mtandao. Simu hiyo ya pili ni bima isiyolipiwa. Hata ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafaa. Kwa kikao ambacho walio mbali wana la kusema, Telegram, au Meet kama kitaisha ndani ya saa. Kwa biashara au msanii, pale wafuasi wake walipo, hata kama mimi mahali hapo sipapendi, na video apakue usiku uleule. Kwa mechi ya vijana mtaani, enkoda, stendi ndefu, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufuata mpira tu, asipewe nyingine.

Na kama mtandao wa mahali ni mbovu kabisa, usirushe. Rekodi vipande vya dakika tano, umtume mtu hadi penye mtandao avipandishe kimoja kimoja. Walio mbali wataona baada ya nusu saa, wakiwa na picha safi na sauti inayosikika, na hakuna atakayekuuliza kama ilikuwa mubashara.

Ukimaliza, bonyeza kumaliza na usiifunge programu. Subiri ikuambie imehifadhi. Faili ya saa tatu inachukua muda kufungwa, na simu iliyotiwa mfukoni haraka au iliyoishiwa chaji sekunde hizo inaweza kukuachia faili isiyofunguka. Kisha hiyo faili inakiliwe mahali pawili kabla mabenchi hayajabebwa.